Jinamizi Linapokukaba: Hatua za Kuishinda Hofu Kitandani na Ndani ya Ndoto

"Je, nilikuwa nakufa?" Swali hilo naulizwa kuliko mengine yote. Wanaoniuliza ni vijana wa zamu ya usiku kule Eneo la Viwanda hapa Nairobi, wanafunzi waliopanga vyumba Roysambu, na hata mama mmoja wa Kayole ambaye hulala taa ikiwaka tangu mumewe aende kufanya kazi Mombasa. Wote husimulia jambo moja: uliamka, macho yakaona chumba, mwili ukakataa kusogea, kifua kikawa kizito na mtu akawa amesimama karibu na mlango. Hilo ndilo jinamizi. Nimejibu kwa mdomo mara nyingi mno, sasa naandika.

Mimi nilianza kukabwa nikiwa na miaka 24, nilipofanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate. Nilifika chumbani kwangu Umoja saa moja asubuhi, nikafunga pazia na kujitupa chali kwa uchovu. Siku ya kwanza nilifumbua macho nikaona dari, nikaona pazia la kahawia, nikamsikia mtoto wa jirani akilia ng'ambo ya ukuta. Nilitaka kugeuka, mwili haukutii. Koti langu la mvua, lililokuwa limetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, likawa mtu. Likasogea. Nikapiga mayowe, ikatoka pumzi tu. Niliishi na hofu hiyo karibu miaka miwili, na kuna wakati nilikuwa nikikaa steji hadi saa nne asubuhi ili nisirudi chumbani kulala.

Ninaloliamini kuliko yote katika mwongozo huu ni hili: jinamizi hushindwa mchana. Likishakukaba huna nafasi ya kujifunza kitu kipya. Utafanya kile tu ambacho umeshakizoea. Kwa hiyo usisome hatua hizi ukaziweka akiba hadi usiku wa taabu. Zifanyie mazoezi jua likiwaka.

Ni kitu gani hasa

Usingizi huja kwa mizunguko ya dakika 90 hivi, na katika kila mzunguko kuna kipindi cha ndoto nzito. Vipindi hivyo hurefuka kuelekea alfajiri. Ukiwa ndani yake, ubongo huifunga misuli ya mikono, miguu na shingo ili usije ukaitimiza ndoto kwa mwili. Ukiota unafukuzwa, hutaruka kutoka kitandani. Macho hayafungwi. Wala haufungwi ule msuli mpana ulio chini ya mapafu, ambao kazi yake ni kuvuta pumzi.

Jinamizi ni pale akili inapoamka kabla ya kufuli hilo kufunguliwa. Uko katika mang'amung'amu: unaona chumba chako cha kweli, huku ndoto ikiendelea kumwaga picha na sauti zake juu yake. Uzito wa kifuani nao una sababu. Misuli ya mbavu imelegea, kwa hivyo ukijaribu kuvuta pumzi ndefu kwa nguvu, kifua hakiitikii, nawe unadhani umekaliwa. Hewa inaingia wakati wote huo. Jambo lenyewe hudumu sekunde kadhaa, au dakika chache likizidi, halafu linaachia.

Wala hauko peke yako. Mwaka 2011 watafiti Brian Sharpless na Jacques Barber walikusanya tafiti za nchi mbalimbali wakakuta kwamba watu 7.6 katika kila 100 wamewahi kupatwa angalau mara moja maishani. Kwa wanafunzi ilikuwa 28.3 katika kila 100. Wanafunzi hukesha, ndiyo maana sishangai kuulizwa sana na watu wa Roysambu.

Sasa niseme juu ya majini, kwa kuwa swali hilo halikosi. Sikuombi uache imani yako. Ila jua kwamba hofu yenyewe huliongezea jinamizi nguvu. Watafiti Baland Jalal na Devon Hinton waliwalinganisha watu wa Misri na wa Denmark mwaka 2013. Wamisri, ambao wengi wao walilihusisha jambo hili na majini, walipatwa mara nyingi zaidi, walikwama kwa muda mrefu zaidi na waliogopa kifo zaidi. Nasi tuna kumbukumbu ya karibu: mwaka 1995, habari za Popobawa, kiumbe aliyedaiwa kuvamia watu usiku, zilipoenea Pemba na Unguja, familia nzima zililala nje kando ya moto, na kuna watu waliopigwa kwa kushukiwa tu. Baadaye wachambuzi kadhaa walisema kwamba masimulizi mengi ya usiku ule yanafanana mno na jinamizi. Nakusihi, kwa hiyo, usimnyooshee kidole mama mkwe wala jirani kwa sababu ya usiku mmoja mbaya. Neno hilo likishatoka halirudi.

Kwanza hakikisha ni jinamizi kweli

Sehemu hii usiiruke hata kama una haraka.

Mwezi wa Julai Nairobi ina baridi, na wengi wetu huingiza jiko la makaa chumbani. Ukiamka mwili hauna nguvu, kichwa kinagonga, una kichefuchefu na kizunguzungu, hilo si jinamizi. Ni hewa ya sumu ya makaa, haina harufu, na inaua watu wakiwa wamelala. Toka nje mara moja, watoe na wenzako, kisha nendeni hospitali. Jiko lisilale ndani hata kama makaa yamebaki majivu mekundu.

Udhaifu ukibaki upande mmoja wa mwili baada ya kuamka, mdomo ukaenda upande au maneno yakavurugika, huo unaweza kuwa kiharusi. Kimbia hospitali, usingoje kupambazuke. Ukiuma ulimi, ukajikojolea, au wenzako wakikuona ukitetemeka mwili mzima, muone daktari kwa ajili ya kifafa. Ukikoroma sana huku pumzi ikikatika, au ukishikwa na usingizi mzito mchana na magoti yakalegea unapocheka, mweleze daktari pia, kwani kuna maradhi ya usingizi yenye dalili hizo, na yana matibabu.

Utakavyohitaji

- Daftari dogo na kalamu, vikae karibu na mto. Simu haifai, mwanga wake utakuamsha kabisa.
- Chupa ya maji.
- Taa unayoweza kuiwasha bila kushuka kitandani.
- Dakika kumi kila siku mchana, kwa wiki mbili mfululizo.
- Mtu mmoja unayemwamini atakayejua unachopitia.

Basi. Hakuna cha kununua zaidi. Ukiuziwa mafuta, hirizi au vidonge vya "kufungua usingizi", hizo pesa nunulia pazia nzito.

Sehemu ya kwanza: kitandani

1. Panga saa za kulala. Usingizi uliokatikakatika ndio mlango mkubwa wa jinamizi. Chagua saa maalumu ya kuamka na uishike siku zote saba, hata Jumapili. Kama uko zamu ya usiku, usijaribu kulala mchana siku za kazi na usiku siku za mapumziko bila mpango. Angalau saa nne za usingizi wako ziangukie wakati uleule kila siku. Miaka yangu ya kiwandani nililala saa mbili asubuhi hadi saa nane mchana, na siku ya mapumziko nililala saa kumi alfajiri. Haikuwa sawasawa, lakini jinamizi lilipungua kabla hata sijajifunza kitu kingine.

Kahawa na chai ya rangi mwisho saa nane mchana kwa anayelala usiku. Miraa na muguka ndivyo vinavyowaponza wengi ninaozungumza nao: wanatafuna hadi usiku wa manane, wanakosa usingizi siku mbili, ya tatu wanaanguka kama gogo na kukabwa mara tatu kabla ya mapambazuko. Anayekwenda kesha kanisani naye alale mchana wake vizuri siku inayofuata, asiunganishe.

2. Lala ubavu. Watu wengi hukabwa wakiwa chali. Kama hujijui unavyogeuka usingizini, chukua soksi, tia ndani yake mpira mdogo au kitambaa kilichofungwa fundo, kisha uishone mgongoni mwa fulana ya kulalia. Ukigeuka chali itakusumbua na utarudi ubavuni bila kuamka vizuri.

3. Watoe "watu" chumbani. Zima taa, lala mahali pako, tazama. Nguo gani inafanana na mtu? Ndoo juu ya kabati je? Pazia linapeperuka? Ondoa au funika kila kitu chenye umbo la bega na kichwa. Koti langu la mvua nilihamishia ndani ya sanduku, na yule mtu wa mlangoni hakurudi tena. Yalikuja mengine, lakini si yeye.

4. Chagua nanga. Nanga ni kitu kimoja chema ambacho akili yako itakishika mwili ukiwa umefungwa. Inaweza kuwa dua fupi, mstari wa zaburi, uso wa mtoto wako au sauti ya mtu. Kiwe kifupi na kiwe na upendo ndani yake. Usichague maombi ya kukemea, na hili nalisema kwa heshima: ukikemea unamtazama adui, na moyo unaenda mbio zaidi. Chagua maombi ya shukrani au ya kukabidhi.

Nanga yangu ni nyanya yangu akipepeta mchele. Ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, ungo uko mapajani, na kila anaporusha mchele unatoa sauti ile ya shaa, shaa, huku makapi yakiruka pembeni. Naangalia mikono yake tu, kile kidole chake cha shahada kilichopinda. Nimeutazama ungo huo mara nyingi hivi kwamba sasa ukija usiku huja wenyewe.

5. Fanya mazoezi mchana. Hii ndiyo hatua ambayo watu huiacha, halafu wanarudi kwangu wakisema mwongozo haufanyi kazi. Kila siku, dakika kumi, lala ubavu ukiwa macho. Jifanye umekabwa: usisogeze kitu. Ndani kwa ndani sema sentensi moja, ileile kila siku. Yangu ni: "Hili nalijua, mwili umefungwa tu, utafunguka." Kisha legeza uso, taya, mabega, tumbo, miguu, kimoja kimoja. Acha pumzi iende inavyotaka. Halafu ita nanga yako ukae nayo.

Siku ya tatu au ya nne utaona sentensi inaita ulegevu, na ulegevu unaita nanga. Mnyororo huo ndio unaoutaka usiku.

6. Likikukaba. Hatua hizi zinatokana na zile ambazo Jalal, yule mtafiti niliyemtaja, alizipendekeza mwaka 2016. Mimi nimeongeza hatua ya kidole gumba cha mguu mwishoni.

Kwanza, sema sentensi yako kimoyomoyo. Usijaribu kuisema kwa sauti, kwani koo halitatii na hofu itapanda.

Pili, kumbuka kwamba unachokiona ni maluweluwe ya ndoto, na kwamba hofu yenyewe ni sehemu ya ndoto hiyo. Usikitafute kivuli kwa macho ili uone kinafanya nini. Fumba macho kama yanafumbika. Kama hayafumbiki, yaelekeze sehemu tupu ya ukuta.

Tatu, achia pumzi. Usivute kwa nguvu. Tumbo linapanda na kushuka lenyewe, lifuate.

Nne, legeza mwili badala ya kupambana nao. Ukijitutumua kuinuka na mwili usiinuke, akili husoma kwamba umeshikwa na mtu, na hapo ndipo uzito huongezeka mara mbili.

Tano, ita nanga, ukae nayo. Wengi huachiliwa hapa bila kujua ni lini hasa.

Sita, ukiwa umetulia na bado hujafunguka, peleka nia kwenye kidole gumba cha mguu mmoja. Nia tu, bila kukaza. Kitatikisika kidogo kama kidole cha mtu anayesikiliza muziki, kisha mguu, kisha mwili wote utarudi kwa mpigo mmoja.

*Onyo:* usianze na kidole ukiwa bado umejaa hofu. Ni kosa nililolifanya miezi mingi. Kidole kisiposogea unapata ushahidi mpya wa kwamba unakufa.

7. Ukiachiliwa, amka kweli. Washa taa, keti, weka nyayo sakafuni, kunywa maji, kaa dakika tano. Ukijilaza palepale ulivyokuwa, jinamizi hurudi, wakati mwingine mara tatu mfululizo. Ukirudi kulala, lalia ubavu mwingine.

8. Andika mistari mitatu. Saa ngapi, ulilala vipi, na siku hiyo ulikula nini, kama ulitafuna miraa, au ulikosana na nani. Baada ya mwezi utaiona njia yake. Mama wa Kayole aligundua kwamba hukabwa kila mwisho wa mwezi, kodi inapokaribia. Alipoanza kuzungumza na mumewe kuhusu kodi mapema, kwa simu, jioni, usingizi wake ulianza kutulia.

Sehemu ya pili: ndani ya ndoto

Wengine hawakabwi kitandani. Wao hujikuta ndotoni, wanajua kabisa kwamba wanaota, na bado wanaogopa. Hiyo tuiite ndoto ya kujitambua. Frederik van Eeden, daktari wa akili wa Uholanzi, aliiandikia mwaka 1913. Mwaka 1975 mtafiti Keith Hearne kule Hull, Uingereza, aliithibitisha maabara: Alan Worsley, aliyejitolea kwa jaribio hilo, akiwa usingizini, alisogeza macho kulia na kushoto kwa mpangilio waliokubaliana kabla hajalala. Stephen LaBerge akafanya kazi kama hiyo Stanford, Marekani. Kumbuka macho hayafungwi; ndiyo maana iliwezekana.

Kama unakabwa mara kwa mara, maliza sehemu ya kwanza kwanza, upite mwezi. Na usifuate ushauri wa kuweka kengele saa tisa usiku ili uamke na kurudi ndotoni ukiwa macho. Njia hiyo huvunja usingizi na huwapitisha watu moja kwa moja kwenye mlango wa jinamizi.

9. Andika ndoto kila asubuhi. Kabla ya kusogea, kabla ya simu. Hata neno moja. Baada ya wiki mbili utaona kinachojirudia: kwa mmoja ni nyumba ya utotoni, kwa mwingine ni mtihani, kwa mwingine ni maji.

10. Jipime mchana. Ukiwa steji tazama namba ya matatu, geuka pembeni, tazama tena. Namba ikibaki 58, uko macho. Ndotoni maandishi na tarakimu hubadilika ukiyarudia. Au ziba pua kwa vidole na ujaribu kuvuta pumzi: ndotoni hewa huingia hata pua ikiwa imezibwa. Fanya mara tano kwa siku, na kila mara uulize kwa dhati, "Je, naota?" Ukifanya kwa mazoea tu, ndotoni nako utafanya kwa mazoea na kupita.

*Onyo ambalo sitalipunguza makali:* usijipime kamwe kwa kuruka, kujikata, kusimama ukingoni mwa roshani au kuvuka barabara. Kuna ndoto za kuamka ambazo si kuamka, na kuna kuamka kunakofanana na ndoto. Pua na namba vinatosha.

11. Lala na nia. Ukiwa unapitiwa na usingizi, kumbuka ndoto ya mwisho uliyoiandika, jione ndani yake ukigundua kwamba ni ndoto, na useme: "Nikiota tena, nitajua naota." Rudia hadi usingizi uje.

12. Ndoto ikigeuka ya kutisha, usikimbie. Kukimbia hulifanya lile linalokufuata likue. Simama. Sugua viganja vyako, uvisikie vikipata joto. Hilo huishikilia ndoto isivunjike na hukupa kitu cha kufanya. Kisha geuka, liulize: "Unataka nini?" Sijui maneno mengine yenye kazi kubwa kama hayo mawili. Mimi nilikuwa nikifukuzwa na mtu asiye na uso kwenye ngazi za ploti yetu. Usiku niliogeuka na kumuuliza, aliketi kwenye ngazi na kusema amechoka. Nikaketi naye. Niliamka natokwa na machozi, lakini si ya hofu.

Hutafanikiwa mara ya kwanza. Kugeuka tu, hata bila kusema neno, ni hatua kubwa, na uiandike daftarini kama ushindi.

Usilipige lile linalokutisha, ukiweza kujizuia. Watu hupenda kuniambia walivyopigana. Wengi wao ndoto inarudi wiki ileile, ikiwa kubwa zaidi.

13. Jua njia ya kutoka. Hofu hupungua ukijua mlango uko wapi. Pepesa macho haraka mara nyingi, au ufumbe macho ndani ya ndoto kwa nguvu kisha uyafumbue. Au lala chini humohumo ndotoni. Ukiamka, jipime tena kwa pua, kwa kuwa unaweza kuota kwamba umeamka. Ukijikuta umefungwa badala ya kuamka, sasa unajua la kufanya: rudi hatua ya 6.

14. Ndoto mbaya inayojirudia, iandike upya mchana. Njia hii imetumika kwa miaka mingi kwa watu wenye ndoto mbaya za mara kwa mara, na daktari Barry Krakow na wenzake walichapisha matokeo yake mazuri mwaka 2001 kwa wanawake waliodhulumiwa kingono. Iandike ndoto, kisha ibadilishe popote unapotaka: mlango unafunguka, mtu anageuka kuwa shangazi, unapewa chai. Halafu ifunge ile ya zamani na usiisome tena. Soma na kuiona hii mpya dakika kumi hadi ishirini kila siku. Kama ndoto inatokana na tukio la kweli lenye uchungu mwingi, usianze nayo na usiifanye peke yako. Anza na ndoto ndogo, na utafute mshauri.

Ukikwama

*"Nasahau kila kitu likinikaba."* Mazoezi ya mchana hayajatosha. Rudi hatua ya 5 kwa wiki mbili zaidi, na upunguze: bakisha sentensi na nanga tu.

*"Nanga yangu inageuka kuwa kitu cha kutisha."* Hutokea sana ukichagua uso wa marehemu ambaye bado unamwombolezea. Badilisha, chukua kitu kisicho na uso: bahari, ungo, sauti ya mvua kwenye mabati.

*"Nasikia sauti ikiniita jina, je, niitike?"* Waliolelewa na bibi zao wameonywa wasiitike usiku. Usiitike, sawa, lakini kwa sababu nyepesi: koo limefungwa. Sauti hizo ni za kawaida kabisa katika mang'amung'amu. Ukizisikia mchana ukiwa macho na umelala vizuri, hilo ni jambo jingine, muone daktari.

*"Nimeanza dawa mpya, ndoto zimekuwa kali."* Inawezekana. Efavirenz, dawa ya kupunguza makali ya virusi vya ukimwi iliyotumika sana Kenya kabla ya wengi kuhamishiwa dolutegravir, ilijulikana kwa ndoto zake. Mefloquine ya malaria vilevile, na baadhi ya dawa za msongo wa mawazo. Usiache dawa. Rudi kliniki ueleze. Mara nyingine kubadilisha saa ya kumeza kunatosha, lakini aamue daktari.

*"Nakabwa kila usiku, naogopa hata kitanda."* Hapo mwongozo hautoshi peke yake. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, beba daftari lako. Kama kuna huzuni nzito, wasiwasi usioisha au mawazo ya kujidhuru, Hospitali ya Mathari kwenye Barabara ya Thika ina wataalamu wa afya ya akili, na mawazo ya kujidhuru hayangojei siku ya kliniki, nenda leo na usiende peke yako.

*"Mke wangu ndiye anayekabwa. Nimsaidieje?"* Muulize mchana, akiwa ametulia, anapenda afanyiwe nini. Wengi hufunguka wakiguswa. Kubalianeni ishara: likimkaba, aharakishe pumzi puani, kwa kuwa pumzi anaweza kuichezea kidogo hata mwili ukiwa umefungwa. Wewe ukiisikia, mguse begani polepole na umwite jina kwa sauti ya kawaida. Usimtikise, usipige kelele, usianze kukemea juu ya kichwa chake. Anasikia kila kitu na anatazama uso wako. Mke wangu ananijua kwa pumzi hiyo. Huniwekea kiganja mgongoni, anasema, "Baba Neema, niko hapa," nami narudi kabla hata sijaufikia ungo wa nyanya.